Duara la Kilomita Mia Tatu

Barasa hafungi duka lake siku ya Jumanne. Ndiyo maana nilipomwona anaingia uani kwangu saa nne za asubuhi, amevaa koti na viatu vya ngozi, nilijua kuna mtu amekufa kabla hajafungua mdomo. Ana duka dogo la kuchapa kule Namakwekwe, mjini Mbale, kadi za harusi, ratiba za mazishi, mihuri ya shule, na kutoka huko hadi kwangu Nakaloke si mbali, lakini tangu niache kufundisha kwa ajili ya magoti haya amekuja mara tatu tu. Alikaa kwenye kiti cha barazani, akakataa maji, kisha akasema, "Mwalimu Shee ametuacha, dada. Wamemzika Ijumaa, kwao Mombasa. Binti yake ndiye aliyenipigia." Nikauliza aliumwa nini. Sukari, akasema, na miguu. Niliingia jikoni nikabandika chai, na nilipokuwa nangoja maziwa yachemke nikajikuta nawahesabu watu wa nyumba ile ya Jinja. Tulikuwa watano. Sasa tumebaki wawili, na sote wawili tumechoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa nilipokwenda Jinja. Nilijua kitu kimoja cha kunipatia kazi, nacho ni kuchora ramani, na aliyenipeleka ni Barasa mwenyewe, ambaye alikuwa ameshaajiriwa katika ofisi moja pale kuendesha mashine ya kuchapa. Nyumba ilijengwa zamani na familia ya Kihindi. Jina lao lilichongwa juu ya mlango, lakini lilikuwa limepakwa chokaa mara nyingi mpaka mtu aliweza kulisoma kwa vidole tu. Sebule ilikuwa ndiyo chumba cha kazi. Katikati kulikuwa na meza ya mninga ndefu kama kitanda cha watu wanne, na juu yake taa mbili zilizoning'inia kwa waya. Chumba changu cha kuchorea kilikuwa zamani chumba cha sala cha wenye nyumba. Ukutani palibaki kishubaka cheusi kwa moshi wa taa za mafuta, na siku za joto kilitoa harufu tamu ambayo hatukujua ni ya nini. Nyuma kulikuwa na jiko la Mama Nabirye, Msoga mwenye mwili mkubwa na hasira ndogondogo, ambaye r na l kwake zilibadilishana viti apendavyo. "Chakura iko tayali," alikuwa anaita, "na mutu asiyekuja sasa, asiniurize baadaye." Ilikuwa matoke na mchuzi wa njugu karibu kila siku, na samaki Ijumaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya njugu zinasagwa naona ile meza.

Mwenye ofisi alikuwa kanali mstaafu. Tulimwita Afande, na yeye alipenda hivyo. Kazi yake ilikuwa kuandaa mazoezi ya mezani kwa maafisa wa majeshi: ramani, maelezo ya nchi ya kubuni, vita vya kubuni, na maswali ambayo wanafunzi walitakiwa kuyajibu kabla ya chakula cha jioni. Mwaka ule alikuwa amepata kazi moja kubwa kutoka kwa wageni wa ng'ambo, ambao wangefika mwezi wa kumi kuitazama. Zoezi lilihusu nchi iliyoitwa kwenye karatasi Taifa la Kijani. Ilikuwa nchi ndogo ya pwani, na bahari yake nyembamba, meli zote za jirani zikipita mbele yake. Na ilikuwa imenunua makombora ya kupiga meli yanayofyatuliwa kutoka kwenye malori, kombora moja likiruka kilomita mia tatu. Swali lilikuwa: je, Taifa la Kijani linaweza kuifunga bahari hiyo? Barasa alicheka sana siku ya kwanza. Sisi watu watano ndani ya Jinja, akasema, katika nchi isiyo na hata kidole cha bahari, ndio tumeitwa kuifunga bahari ya watu wengine. Lakini mmoja wetu aliijua bahari. Afande alikuwa amemtoa Mombasa mzee mmoja aliyefanya kazi ya rada miaka mingi ng'ambo, katika jeshi la majini la nchi ambayo hakuitaja hata mara moja. Huyo ndiye Mwalimu Shee.

Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu fupi nyeupe na shati lililopigwa pasi kila siku. Kiswahili chake kilinitia aibu. Mimi nilikulia mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya askari; mtu akikugongea mlango na kusema "fungua", hukungoja aseme mara ya pili. Nilikuwa nakisema kwa kupunguza maneno, kama mtu anayetaka kumaliza haraka aondoke. Mwalimu hakunisahihisha. Alirudia tu nilichosema, polepole, kwa namna kilivyopaswa kuwa, kisha akaendelea na habari yake. Haya ninayoandika leo nayaandika kwa lugha aliyoniachia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora duara. Afande alinipa karatasi ya pwani ya Taifa la Kijani, yenye ghuba mbili, rasi ndefu kama pua, safu ya milima iliyokaribia sana bahari, na barabara moja iliyobanwa kati ya milima na maji. Akaweka kidole kwenye rasi. "Kombora iko hapa. Inaruka kilomita mia tatu. Chora." Nikachukua bikari, nikapima, nikachora. Duara lilimeza bahari yote na nusu ya nchi ya jirani. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Nililipaka wekundu hafifu, nikampelekea Mwalimu nikitarajia sifa.

Alilitazama kwa muda. "Limechorwa vizuri," akasema. "Sasa niambie, mwanangu. Kombora hili macho yake ni nani?"

Sikumwelewa. Alinyoosha mkono kwenye bakuli la matunda, akachukua chungwa, akachomeka pini mbili, moja huku, nyingine upande wa mbali kidogo, akaniambia niweke jicho langu karibu na kichwa cha pini ya kwanza. Pini ya pili sikuiona. Nundu ya chungwa iliificha. "Dunia ndiyo hii," akasema. "Rada yako iko juu ya lori, na lori liko ufukweni. Meli ya vita ya kawaida, utaiona ikiwa kilomita thelathini, au thelathini na kidogo. Zaidi ya hapo imejificha nyuma ya maji yenyewe. Kombora linaruka mia tatu, jicho linafika thelathini. Hizo nyingine zote unampigia nani?" Mama Nabirye alipita na sahani, akaona pini. "Mwarimu, machungwa yangu sio ya kuchoma sindano!" Tukacheka. Lakini siku ile nilirudi chumbani kwangu nikachora duara la pili ndani ya la kwanza, dogo kama kifungo cha shati, na kwa mara ya kwanza niliona kuwa ramani inaweza kusema uongo bila mstari wake hata mmoja kukosewa.

Miezi ile iliyofuata ilikuwa shule ambayo sikuwahi kuipata pengine. Kila asubuhi Mwalimu alichukua kitu kimoja kutoka kwenye ramani yangu akakibomoa. Ile barabara moja: malori ni mazito, hayapiti kila daraja, hivyo mwenye kutaka kuyatafuta hana haja ya kuitazama nchi nzima, anaitazama barabara tu. Ile milima: inaficha malori vizuri, lakini kombora likitoka bondeni lazima lipate njia, na mabonde yanayofaa yalikuwa manne, nayo adui anaweza kuyahesabu kama sisi. Setilaiti inapita juu kwa saa zake. Ndege isiyo na rubani haina saa, inazunguka tu, haichoki, haiendi kula. Na rada yenyewe, ukiiwasha, ni sawa na mtu kupiga kelele gizani: anasikika mbali zaidi kuliko yeye anavyosikia. "Kwa hiyo hawa vijana," alikuwa anasema, akimaanisha askari wa kubuni wa malori ya kubuni, "wanaishi ndani ya handaki. Wanatoka mara moja, wana dakika chache. Kuona, kutambua, kuambiana, kupiga, kuondoka. Kimoja kikikatika, basi." Niliona ajabu kwamba aliwaita vijana. Kwangu walikuwa pembetatu za kijani kwenye karatasi.

Mwezi wa saba Afande alitutuma Mbale, Mwalimu na Barasa na mimi, kuchukua karatasi za kuchorea ambazo Jinja hazikupatikana. Tulilala kwa dada yangu pale Nabuyonga, akatupikia malewa kwa mchuzi wa karanga, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kula machipukizi ya mianzi, alikula sahani mbili akasema anahisi kama panda. Asubuhi aliomba tumpeleke juu ya mlima Wanale. Gari lilitupandisha mpaka lilipoweza, tukamalizia kwa miguu, naye akipumzika kila baada ya hatua kumi. Kule juu upepo ulikuwa baridi. Mji ulikuwa chini yetu kama kitu kilichomwagwa. Niliona mabati ya Nakaloke yaking'aa na nyanda zinazoendelea mpaka zinakuwa ukungu.

"Ukiwa kule chini jana," akaniuliza, "uliona umbali gani?"

"Mpaka ukuta wa jirani."

"Na sasa unaona mpaka wapi? Basi tumepata dawa. Tuweke rada yetu hapa juu, duara dogo linakuwa kubwa, kilomita mia labda." Alinyamaza akapata pumzi. "Sasa niambie mahali hapo Mbale ambapo mtu anaweza kusimama asiuone mlima huu."

Nilifikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Adui anajua rada yako itakaa wapi kabla wewe hujainunua."

Barasa alikuwa ameenda kutafuta maji. Tukakaa juu ya jiwe, na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani alinipandisha mlima ili anieleze. Ujanani, kule ng'ambo, wakati wa vita, alikuwa kwenye chumba cha rada. Kwenye kioo kulitokea doa. Lilikuwa mahali ambapo meli ya adui ilitarajiwa, likienda mwendo uliotarajiwa. Mkuu wake alimgeukia akauliza, ndiyo yenyewe? "Mimi nilikuwa sijui," Mwalimu alisema. "Doa halina bendera. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nilikuwa mgeni pale, mweusi peke yangu, nikaona haya kusema sijui. Nikasema ndiyo." Ilikuwa meli ya kubeba mbuzi. Siku mbili baadaye maji yalikuwa bado yanaleta mbuzi ufukweni, na pamoja na mbuzi, mabaharia. Hakuna aliyemlaumu. Mkuu wake alipata cheo. "Tangu siku hiyo," akasema, "nimekuwa mtu wa kuuliza swali moja: nani ameona? Watu wananichoka."

Nimefundisha jiografia miaka ishirini baada ya hapo, na nimesema neno "upeo" mbele ya watoto mara elfu, na kila mara nilimwona mzee ameketi kwenye jiwe, mikono katikati ya magoti, shati lake la pasi likipigwa na upepo. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwa kusema sikujua. Nilijua. Niliambiwa na mtu aliyelipia maarifa hayo, tena akiniambia uso kwa uso.

Wiki moja kabla ya wageni kufika, Afande aliitisha kazi yote mezani. Nilikuwa nimechora ramani kubwa ya mwisho, yenye maduara matatu: jekundu la kombora, la manjano la rada ya mlimani, na lile dogo la rada ya ufukweni. Nilijivunia sana. Afande aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. Chakula kilikuwa kimeshaletwa kwenye meza ndogo ya kando na kilikuwa kinapoa.

"Hii ingine ni ya nini?" akauliza.

"Ni jicho, Afande," Mwalimu akajibu. "Bila hilo, zoezi halina maana."

"Mwalimu, wewe nasoma sana. Mugeni nakuja kuona nguvu. Wewe naonyesha yeye udhaifu."

"Naonyesha yaliyopo."

"Hiyo kaduara kadogo, toa. Na hako kengine. Maelezo yako weka nyuma, mwisho wa kitabu."

"Mwisho wa kitabu hapasomwi, Afande. Wewe mwenyewe husomi."

Barasa aliinamia sahani yake. Mimi nilitazama meza. Afande hakuwa mtu mbaya. Alitulipa kwa wakati, na Mama Nabirye alipofiwa na mumewe yeye ndiye aliyebeba mazishi yote. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mkubwa akija, unampa anachotaka kusikia, na aliishi muda mrefu katika nchi yetu kwa kujua hivyo. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Nandudu atachora upya. Nandudu, sivyo?" Mwalimu alinigeukia. Alingoja tu, na nikakumbuka chumba cha rada, nikakumbuka pia chumba changu cha kupanga na kwamba Jinja yote hakuna mahali pengine palipohitaji mchoraji wa ramani. "Ndiyo, Afande," nikasema. Mwalimu akasogeza kiti chake, akaondoka bila kula. Mama Nabirye alisimama mlangoni na bakuli la mchuzi mkononi. "Mwarimu hajakura," akasema.

Nikachora upya. Ilinichukua siku mbili. Duara moja jekundu, kilomita mia tatu, na bahari yote ndani yake.

Wageni walikuwa sita, wanne wa makamo wenye suti, na wawili vijana. Walikaa siku tatu. Mwalimu aliambiwa asihudhurie, apumzike. Siku ya kwanza na ya pili walisimama kuizunguka ramani wakapiga picha, Afande akieleza kwa fimbo, na mmoja wa wale wakubwa alichora kwa kidole chake duara langu hewani, kubwa, akacheka kwa furaha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, wakati wakubwa wamekwenda kutazama mahali mto unapotoka ziwani, mmoja wa vijana aliingia kwenye chumba changu cha kuchorea. Alikuwa luteni, mwenye masikio makubwa na mikono isiyojua ikae wapi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana.

Aliuliza kama ni mimi niliyechora. Nikasema ni mimi. Akasema ni kazi nzuri sana. Kisha akaichukua nakala ndogo iliyokuwa mezani kwangu, akaigeuza, akaiinua mbele ya dirisha na kuitazama kwa nyuma, mwanga ukipita kwenye karatasi. Akatabasamu. Akaweka kidole kwenye ghuba ya pili, chini ya mlima, pale barabara inapobanwa.

"Hapa ni kwetu," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia. Hapa ni nyumba ya baba yake, hapa ni shule, hapa yuko mke wake, na ana mimba. Rasi hii wanaiita jina fulani, akalitaja. Nilisimama nikaitazama karatasi ile iliyogeuzwa, ambayo niliichora kwa miezi tisa nikiamini ni nchi ya kubuni, na nikaelewa kwamba mtu aliipindua tu, kushoto kuwa kulia, akaibatiza Taifa la Kijani. Barabara ilikuwa barabara kweli. Zile pembetatu zilikuwa na masikio makubwa na mke mwenye mimba.

Akasema yeye ndiye atakayepewa malori mawili ya kwanza yakifika. Akasema wakubwa wanasema hakuna meli itakayothubutu kusogea, kwa sababu ya duara. Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa. "Dada, hili duara ni kweli? Kutoka kwetu tunaweza kuwafikia mpaka hapa?"

Kulikuwa na karatasi chini ya meza, ile ya maduara matatu, imekunjwa. Ingenichukua muda mfupi kuitoa. Nilisikia sauti ya Afande nje, amerudi, anaita gari lisogezwe. Yule kijana alikuwa ananitazama kwa matumaini, anataka niseme neno moja tu aende nalo nyumbani, na mimi nilikuwa nimechoka, na niliogopa, na niliona haya kuwa mtu wa kumharibia siku yake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kweli."

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Mwalimu Shee aliondoka kesho yake kwa basi la Kenya. Sikumsindikiza. Nilisimama naye getini, akaniambia nisiache kuchora, na kwamba Kiswahili changu kimenyooka. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Barasa alikuwa ameshapakia sanduku na bodaboda ilikuwa inaguruma, nikasema safari njema, Mwalimu. Nilimaliza mwaka, nikaacha kazi, nikarudi Mbale kusomea ualimu. Kila Idi na kila Krismasi Mwalimu alinitumia salamu: hujambo, mwanangu, vipi wanafunzi. Kila mara nilijibu sijambo, wanafunzi hawajambo. Miaka mingi hivyo.

Siku hizi kila mtu ana setilaiti mfukoni. Simu ilipoanza kuonyesha dunia kutoka juu nilitafuta jina la ile rasi, nikaipata, nikaona ghuba, nikaona barabara, na mabati ya nyumba za watu. Baadaye vita vilifika huko. Nilisikia redioni, nikiwa nasahihisha madaftari, kwamba malori ya makombora yameteketezwa barabarani katika pwani ile kabla hayajafyatua hata moja. Yalikuwa yanafuatiliwa tangu yalipotoka handakini. Mtangazaji alisema kwa sentensi mbili, akaenda kwenye mpira. Sijui kama Luteni alikuwa bado jeshini. Inawezekana alikuwa ameshapanda cheo, amekaa ofisini, amenenepa. Nimejaribu kumfikiria hivyo.

Haya yote nilimwambia Barasa Jumanne ile, pale barazani, chai ikiwa mezani kati yetu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu. Nilisema kwa sababu aliyepaswa kuambiwa amezikwa, na nilihisi nisipolisema siku hiyo nitalibeba mpaka na mimi nizikwe. Barasa alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, utando wa maziwa ulikuwa umeganda kwenye kikombe chake.

"Yule kijana alikuja kwangu pia," akasema. "Kwenye chumba cha mashine. Jioni ile ile."

"Akakuuliza?"

"Swali lile lile. Nikamwambia si kweli. Nikamwambia macho yenu hayafiki, na mtaonekana nyinyi kwanza. Alinitazama kama mtu anayetazama mlevi. Akasema, 'Lakini yule dada amesema ni kweli, na yeye ndiye mchoraji.'" Barasa alifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi nilikuwa mtu wa mashine tu. Nikanyamaza."

Jirani alikuwa anatwanga, nikahesabu mapigo ya mchi. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka ishirini na minne.

"Nilimwambia Mwalimu," akasema. "Nilimpeleka mimi kwenye basi, unakumbuka. Nikamwambia yote."

"Mwalimu alijua?"

"Alijua."

"Akasema nini?"

Barasa alitazama mikono yake, ile mikono yenye wino usiotoka. "Alisema nikuache. Kwamba jambo kama hilo mtu analisema mwenyewe siku akiweza. Akasema yeye atangoja."